John Curwen: mchungaji aliyewapa wanakwaya noti za herufi

Wengi wetu tuliopitia kwaya za kanisani au za shule huko nyumbani tunalikumbuka daftari la mwalimu wa kwaya. Ndani yake hamkuwa na mistari mitano wala vichwa vyeusi vyenye mikia. Mlikuwa na herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, zimetenganishwa kwa nukta mbili na vistari, sauti ya kwanza juu na besi chini kabisa. Mwalimu alizinakili ubaoni, au akazipiga kwa mashine ya chapa kwenye stensili, na jioni hiyo hiyo watu ambao hawajawahi kugusa kinanda walikuwa wanaimba wimbo mpya kwa sauti nne.

Tulizipokea herufi hizo kama vile zilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Kumbe zina wenyewe, na leo tumeona ni vyema tuwaletee habari za mtu aliyezisambaza, Mchungaji John Curwen wa Uingereza.

Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 huko Heckmondwike, katika jimbo la Yorkshire. Baba yake, Spedding Curwen, alikuwa mchungaji wa madhehebu ya Kikongregesheni, na mwana akafuata nyayo za mzee wake. Alisoma London, akaanza utumishi mwaka 1838 akiwa mchungaji msaidizi katika mji wa Basingstoke. Tangu mwanzo moyo wake ulikuwa kwa watoto. Alipenda kuwafundisha na kuwaandikia hadithi, na alitaka waimbe vizuri katika shule za Jumapili. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kusoma muziki. Alijaribu kujifunza kwa vitabu vya wakati ule, na kila mara alikwama.

Mwaka 1841 ulifanyika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull. Wajumbe walilalamika kwamba uimbaji ni mbovu na hakuna njia rahisi ya kuufundisha. Wakamkabidhi Curwen, kijana ambaye hata miaka 25 hajatimiza, kazi ya kutafuta njia iliyo nyepesi kuliko zote. Tunaweza kusema walimpa kazi hiyo mtu asiyeijua, lakini pengine ndiyo sababu aliiweza. Aliyejua muziki tangu utotoni asingeona ni wapi mwanafunzi anaanguka. Yeye alikuwa ameanguka papo hapo.

Njia aliipata kwa mwanamke mmoja wa mji wa Norwich, Sarah Ann Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Mama huyu alikuwa binti wa mchungaji, na kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha kuimba watoto wa shule aliyoiendesha mjini humo. Aliona kwamba mtoto hana haja ya kuanza na alama ngumu. Akachukua majina ya sauti yaliyokuwa yakijulikana Ulaya kwa karne nyingi, akaandika herufi ya kwanza ya kila jina, na ile ya saba akaiita te badala ya si, ili herufi yake isigongane na ya sol. Kisha akazipanga kama ngazi, mtoto akapanda na kushuka kwa kufuata kidole cha mwalimu. Njia yake aliichapisha katika kitabu mwaka 1835.

Curwen alikisoma kitabu hicho, na kwa muda mfupi akaweza kile kilichomshinda miaka yote. Ndipo akaanza kuirekebisha njia hiyo kwa matumizi yake. Aliandika herufi ndogo badala ya kubwa, akatumia nukta mbili na vistari kuonyesha mapigo, na baadaye akaongeza majina ya mapigo aliyoyapata kwa walimu wa Ufaransa. Mwaka 1843 akatoa kitabu chake cha kufundishia uimbaji shuleni na makanisani.

Hapa hatuwezi kuficha jambo. Curwen aliyafanya marekebisho hayo bila kumwomba ruhusa mwenye njia. Bibi Glover alipoyaona hakuyafurahia, kwani kazi yake ya miaka mingi ilikuwa imebadilishwa na mtu aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. Curwen, kwa upande wake, hakuacha kuwaambia watu kwamba mzizi ni wa Glover. Hata hivyo, dunia ina tabia ya kumkumbuka aliyesambaza na kumsahau aliyebuni. Glover alifariki mwaka 1867, na hadi leo wanakwaya wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Sisi tunaona haki itendeke: tukimtaja mmoja, tumtaje na mwenzake.

Sasa tueleze ubora wa njia yenyewe. Katika noti za mistari mitano, mwimbaji anapaswa kujua ufunguo na alama za kupandisha au kushusha sauti, na wimbo ukihamishwa sura yote ya ukurasa inabadilika. Katika solfa, do inahama. Juu ya wimbo panaandikwa tu kwamba do ni F au do ni G, mwalimu anatoa sauti hiyo, na kuanzia hapo kila herufi ina nafasi yake ile ile kwa do. Mwimbaji hasomi mahali pa kidole kwenye kinanda. Anasoma uhusiano wa sauti moja na nyingine, na uhusiano huo anao tayari sikioni mwake.

Faida ya pili ilikuwa ya fedha. Kuchapa noti za kawaida wakati ule kulihitaji mafundi wa kuchonga bamba au chapa maalumu, na vitabu vyake vilikuwa ghali. Herufi za solfa zinapangwa na mpiga chapa yeyote mwenye herufi za gazeti. Kwa hiyo kazi kubwa za watunzi mashuhuri, ambazo awali zilikuwa za wenye uwezo, ziliweza kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu.

Curwen aliielewa nguvu hiyo. Kuanzia mwaka 1844 alikuwa mchungaji huko Plaistow, mashariki mwa London, na kutoka hapo alianzisha gazeti la solfa mwaka 1851 na chama cha solfa mwaka 1853. Mwaka 1863 akaanzisha kiwanda chake mwenyewe cha uchapaji, na mwaka uliofuata akaacha uchungaji ili nguvu zake zote ziende kwenye kazi hii. Alitoa vitabu vya walimu, vitabu vya wanafunzi, chati kubwa ya kutundika ukutani na nakala za nyimbo za kwaya. Alitoa pia vyeti kwa wanaofaulu mitihani. Mwaka 1869 likafuata wazo la chuo cha kuwaandaa walimu. Kufikia mwaka 1872 wafuasi wa njia yake nchini Uingereza walikadiriwa kuwa zaidi ya laki tatu.

Karibu na mwaka 1870 alibuni pia ishara za mkono, kila sauti na ishara yake: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, na kadhalika. Mwalimu asiye na ubao wala kitabu aliweza kuongoza darasa zima kwa mkono mtupu. Ishara hizo baadaye zilichukuliwa Hungary katika mafunzo ya Zoltán Kodály, na zikaenea tena duniani kupitia huko.

Lakini hakuna jema lisilo na dosari. Wanamuziki wengi wasomi waliidharau solfa na kuiita njia ya mkato. Curwen awali alisema ni daraja la kumvusha mwanafunzi hadi kwenye noti za mistari. Mwaka 1872 alibadili msimamo, na vyeti vya chini vikawa havidai tena kujua mistari hiyo. Matokeo yake tunayaona hadi leo. Yupo mwanakwaya hodari wa solfa ambaye akikaa na wapiga ala, au akija huku ughaibuni na kujiunga na kwaya, anapewa kitabu cha mistari mitano na kujikuta kama asiyejua kusoma. Daraja limekuwa makazi.

Curwen alifiwa na mkewe mapema mwaka 1880, naye akamfuata tarehe 26 Mei mwaka huo huo, akiwa na miaka 63. Kazi iliendelezwa na mwanawe, John Spencer Curwen.

Wakati huo herufi zake zilikuwa zimeshavuka bahari pamoja na wamisionari, hadi Madagascar na Afrika Kusini. Huko Lovedale, John Knox Bokwe alichapisha nyimbo zake kwa solfa mwaka 1885. Na katika shule hizo za solfa ndiko alikotoka mwalimu Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kuwa Mungu Ibariki Afrika. Sontonga alifariki mwaka 1905 bila kuuona wimbo wake ukichapishwa, na daftari alimokuwa akiandika tungo zake lilipotea.

Hapo ndipo tunapotaka kuishia. Curwen hakuwa mtunzi mkubwa, wala hakuwa na sauti ya kusifiwa. Alichofanya ni kuhakikisha muziki unaandikwa, unachapwa, na unamfikia asiye na kitu. Kwetu sisi madaftari ya walimu wa kwaya bado yapo, kwenye masanduku na juu ya makabati, yameliwa na mchwa, na ndani yake mna nyimbo ambazo hazipo popote pengine. Mwalimu akifariki, watoto wanachoma karatasi wasizozielewa. Kama wewe msomaji una daftari la aina hiyo nyumbani kwenu, lipige picha, linakili, na uandike jina la mtunzi juu ya kila wimbo. Tusije tukawasahau wetu kama dunia ilivyomsahau Bibi Glover.