Padre Edward Catich: Mwandika Mabango Aliyesoma Jiwe la Roma

Wengi wetu tumeziona herufi kubwa zenye vimkia kwenye mabango ya filamu na majalada ya vitabu. Asili yake ni mawe ya Roma ya kale, na katika historia yake yumo padre mmoja.

Edward Catich alizaliwa mwaka 1906 huko Montana, Marekani. Alifiwa na wazazi akiwa mtoto, akalelewa katika kituo cha yatima cha Mooseheart, Illinois. Huko alifundishwa kuandika mabango kwa brashi, na ujanani akajipatia riziki kwa kazi hiyo mjini Chicago. Baadaye alisoma katika Chuo cha St. Ambrose, Davenport, kisha akaenda Roma kwa masomo ya upadre. Alipewa daraja takatifu mwaka 1938.

Mjini Roma ipo nguzo ya Kaisari Trajan, iliyozinduliwa mwaka 113 B.K., ambayo juu yake leo imesimama sanamu ya Mtume Petro. Kwenye kitako chake kuna jiwe lenye mistari sita ya maandishi. Wataalamu wengi walizisoma herufi hizo kupitia nakala ya plasta iliyoko London, wakiamini kwamba patasi ndiyo iliyozipa umbo. Padre Catich alilikaribia jiwe lenyewe, akaweka karatasi juu yake na kusugua mpaka kila herufi ikatokea kwa ukubwa wake halisi.

Mkono uliozoea mabango ulitambua jambo. Mistari minene na myembamba, pamoja na vile vimkia, ilikuwa njia ya brashi bapa inayogeuzwa na vidole. Mwandishi alitangulia kwa rangi, mchongaji akafuata kwa patasi. Hoja hiyo aliitetea kwa miaka mingi akiwa mwalimu wa sanaa Davenport, na mwaka 1968 akaichapisha katika kitabu chake The Origin of the Serif. Alifariki mwaka 1979.

Miaka kumi baadaye, Carol Twombly wa kampuni ya Adobe alitoa herufi za kompyuta ziitwazo Trajan, zilizotokana na jiwe hilohilo. Lakini jiwe halina H, J, K, U, W, Y wala Z. Kunakili peke yake hakutoshi: anayezifufua herufi za kale lazima aelewe mkono uliozizaa, ndipo aweze kubuni zilizokosekana. Ndiyo maana swali la Padre Catich kuhusu brashi na patasi halikuwa dogo.

Kwa mafrateri wetu, maisha haya yana funzo. Wapo wanaoingia seminari wakiwa mafundi seremala, washonaji au wapiga rangi, wakadhani ufundi huo wanauacha langoni. Padre Catich hakuuacha wa kwake. Ufundi aliopewa akiwa yatima ndio uliomwezesha kuona yale ambayo wasomi wengi hawakuyaona.