Edmond Thieffry na wenzake: siku 51 njiani kuja Kongo



Hapa Mutoshi, karibu na mji wa Kolwezi, tumezoea kusikia ndege juu ya vichwa vyetu. Watoto huacha mpira, hupunga mikono, kisha huendelea kucheza. Kwa watu wengi wa vijiji vya ndani, ndege ndogo ndiyo iliyoleta dawa, Biblia, mwalimu au mchungaji pale ambapo barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua jinsi ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji ilivyofika Kongo, na ni watu gani walioiendesha. Leo tunapenda kusimulia maisha ya Edmond Thieffry. Hatuyasimulii ili tuusifu ukoloni. Tunayasimulia kwa sababu yana somo juu ya urafiki na ushirika ambalo makanisa yetu yanalihitaji.

Mtu ambaye hakuna aliyetaka kuketi naye

Edmond Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 huko Etterbeek, katika mji wa Brussels. Alisoma sheria huko Leuven, na kazi aliyojiandalia ilikuwa ya kusimama mbele ya mahakimu. Vita vya mwaka wa 1914 vilipoanza alikuwa askari. Wajerumani walimkamata, lakini akatoroka kwa pikipiki, akapita mpaka wa Uholanzi, na mwishowe akarudi katika jeshi la nchi yake.

Mwaka wa 1915 aliomba kujifunza urubani. Hapo ndipo tunapokutana na jambo la ajabu katika maisha yake. Mtu huyu aliyekuja kuwa maarufu alikuwa mwanafunzi mbaya wa urubani. Alivunja ndege, akavunja nyingine, na nyingine tena. Ndege nyingi za siku zile zilichukua watu wawili, rubani na mwenzake wa kuangalia adui. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyetaka kuketi kwenye ndege moja na Thieffry. Kwa hiyo wakubwa wake wakampa ndege ya kiti kimoja. Akivunja, atavunja peke yake.

Katika ndege ile ya mtu mmoja alipata sifa. Alihesabiwa kuwa ameangusha ndege 10 za adui, akawa mmoja wa marubani wa vita waliojulikana zaidi Ubelgiji. Sisi watu wa injili hatuwezi kuhesabu kumi hizo kwa furaha, maana ndani ya kila ndege alikuwamo mtoto wa mama fulani. Yeye mwenyewe aliangushwa tarehe 23 Februari 1918. Alipona, akakaa mfungwa mikononi mwa Wajerumani mpaka vita vikaisha.

Tukumbuke basi mwanzo huu: kijana aliyekataliwa na wenzake kwa sababu ya makosa yake, akapewa kiti cha peke yake, na katika upweke ule akapata jina kubwa. Watu wengi wangependa hadithi iishie hapo. Lakini kazi ambayo anakumbukwa nayo Kongo hakuifanya katika kiti kimoja.

Watu watatu katika ndege moja

Baada ya vita Thieffry alirudi kwenye kazi ya sheria, lakini moyo wake ulibaki angani. Wakati ule safari ya kutoka Ubelgiji kwenda Kongo ilikuwa ya meli, na ilichukua wiki nyingi. Ndani ya Kongo kwenyewe ndege za maji zilikuwa zimewahi kuruka juu ya mto, kati ya Léopoldville na Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo. Lakini hakuna aliyekuwa ameruka kutoka Brussels mpaka kwetu. Thieffry alishika wazo hilo, akawasumbua wakubwa wa serikali na wa kampuni ya SABENA iliyoanzishwa mwaka wa 1923, mpaka wakakubali.

Tarehe 12 Februari 1925 ndege iliondoka Brussels. Ilikuwa Handley Page yenye injini tatu, na iliitwa kwa jina la binti wa Mfalme Albert, Princesse Marie-José. Kwa macho ya leo ilikuwa chombo kidogo na dhaifu: mbao na kitambaa, na marubani waliketi mahali pa wazi, upepo na jua vikiwapiga usoni. Ndani yake walikuwamo watu watatu. Pamoja na Thieffry alikuwamo Léopold Roger, rubani mwenzake, na Joseph De Bruycker, fundi wa injini, ambaye marafiki walimwita Jef.

Tufikiri kidogo juu ya watu hao wawili. Rubani yule ambaye zamani watu walikwepa kuketi naye, sasa alikuwa amepata wenzi waliokubali kuvuka naye jangwa la Sahara. Hakuna aliyewalazimisha. Walijua injini ikizima juu ya mchanga ule, wote watatu watakuwa na maji yale yale machache na jua lile lile.

Saa 75 angani, siku 48 chini

Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari mpaka Algeria, wakaingia Sahara, wakaufikia mto Niger, wakapita Chad na Bangui, kisha wakashuka kuelekea mto Kongo. Walitua Léopoldville tarehe 3 Aprili 1925. Safari ya zaidi ya kilomita 8,000 ilikuwa imechukua siku 51.

Lakini hesabu nyingine inatufundisha zaidi. Katika siku hizo 51, muda wote waliokaa angani ulikuwa kama saa 75. Ukijumlisha saa hizo, zinakuwa siku tatu tu na kidogo. Siku nyingine 48 walikuwa chini, katika matengenezo na kungoja, mbali na nyumbani na katikati ya watu ambao lugha zao hawakuzijua.

Magazeti yaliandika juu ya kuruka. Sisi tunaona kwamba urafiki wao ulijengwa zaidi katika zile siku 48. Angani kila mtu ana kazi yake, na kelele za injini hazikubali maneno mengi. Chini ndipo mtu anapomjua mwenzake. Hapo ndipo fundi anapochafuka mafuta mpaka viwiko huku rubani akimshikia taa. Hapo ndipo mmoja anapokata tamaa na mwingine anapomwambia kwamba kesho tutajaribu tena. Hapo pia ndipo lawama huzaliwa, mtu akaanza kuuliza ni nani aliyetuleta huku. Watu watatu waliokaa siku 48 namna hiyo, kisha wakapanda tena pamoja ndege ile ile, walikuwa wamepita mtihani mkubwa kuliko Sahara.

Mtume Paulo alipita njia kama hiyo. Katika Matendo ya Mitume 27 tunasoma jinsi alivyosafirishwa baharini kama mfungwa kwenda Roma. Hakuwa peke yake: alikuwapo Aristarko, Mmakedonia wa Thesalonike, na alikuwapo Luka. Tazameni jinsi Luka anavyosimulia safari ile. Hasemi tu kwamba Paulo alifanya hivi na vile, anasema sisi. Dhoruba ilikuwa yao wote, kuvunjika kwa meli kulikuwa kwao wote, na ile miezi mitatu ya kungoja kisiwani Malta ilikuwa yao wote. Aristarko hatuletewi hata hotuba yake moja. Alikuwapo tu, na Roho Mtakatifu aliona vyema jina lake liandikwe.

Mwisho wake karibu na Tanganyika

Thieffry hakutosheka na safari moja. Marubani wengine wa Ubelgiji walikuja Kongo kwa ndege mwaka wa 1926 na kurudi kwa ndege. Yeye naye alijaribu tena mwaka wa 1928, lakini safari hiyo haikufika. Mwaka wa 1929 alikuwa tena Kongo, sasa akitafuta jinsi ndege zingeweza kufanya kazi ndani ya nchi yenyewe.

Tarehe 11 Aprili 1929, karibu na ziwa Tanganyika, ndege yake ilianguka. Alikuwa na miaka 36. Hakufa peke yake: Gaston Julien alikufa pamoja naye. Mtu wa tatu, Eugène Gastuche, alipona.

Leo mji wa Brussels una kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa Thieffry, katika mtaa ule ule wa Etterbeek alikozaliwa. Maelfu ya watu wanalitamka jina hilo kila siku wakienda kazini. Lakini ni wangapi wanaowajua Roger, De Bruycker, Julien na Gastuche? Dunia ina desturi ya kuchukua kazi ya watu watatu na kuiandika kwa jina la mmoja.

Majina ambayo hayakuandikwa

Nasi watu wa Kongo tuna neno la kuongeza. Ndege haitui juu ya miti. Kila mahali ndege za siku zile zilipotua katika nchi yetu, kulikuwa na mikono iliyofyeka majani, iliyong'oa visiki, iliyosawazisha ardhi na kubeba mapipa ya mafuta kichwani. Mikono hiyo ilikuwa ya babu zetu. Wengi hawakuulizwa kama wanataka, na majina yao hayamo katika simulizi za marubani. Ndege za miaka ile hazikuja kwa ajili yao, zilikuja kwa ajili ya serikali ya kikoloni na mali ya Katanga, shaba hii ambayo mpaka leo inachimbwa chini ya miguu yetu hapa Mutoshi.

Hatusemi hivi kwa chuki. Tunasema kwa sababu ushirika unaosahau watu wa chini si ushirika kamili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia marubani Wakristo waliotoka vitani waliweka ndege ndogo katika kazi ya injili, na makanisa yetu yaliona matunda ya kazi hiyo. Mtu yeyote aliyesafiri na ndege hizo anajua kwamba rubani ni mmoja tu katika kundi. Yupo fundi aliyekagua injini, yupo anayesema naye kwa redio, yupo mzee wa kijiji anayefukuza mbuzi kwenye uwanja, na wapo akina mama waliokata majani tangu asubuhi. Mmoja wao asipofanya kazi yake, mgonjwa hafiki hospitali.

Na sisi je?

Wachimbaji wetu wanaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Kijana anayeshuka shimoni kutafuta madini ameweka maisha yake mkononi mwa mwenzake aliyebaki juu na kamba. Haulizi kama mwenzake ni hodari wa maneno. Anauliza kama ataendelea kushika kamba. Mhubiri, katika sura ya 4, anatufundisha jambo hilo hilo anapowahurumia wanaoanguka wakiwa peke yao, bila mtu wa kuwainua.

Basi tujipime. Ibada ya Jumapili ni kama zile saa 75 angani: nyimbo ni nzuri, kwaya imevaa sare, kila mtu anaona. Lakini ushirika wetu unajulikana katika siku 48 za chini. Unajulikana Jumanne, wakati ndugu amefukuzwa kazi na kodi ya nyumba inangojewa. Unajulikana katika wodi ya hospitali, usiku wa tatu, wakati wageni wa siku ya kwanza wamekwisha kurudi nyumbani. Unajulikana msiba unapokwisha na viti vimerudishwa, mjane amebaki na watoto.

Tena tutazame ni nani katika kanisa letu aliyepewa kiti cha peke yake. Labda ni kijana aliyevunja mara moja, mbili, tatu, na sasa hakuna anayetaka kufanya naye kazi. Labda ni dada aliyeanguka, akarudi, lakini benchi lake halikaliwi na mtu mwingine. Thieffry mwenye makosa mengi alikuja kupata Roger na De Bruycker, na barabara ya angani ikafunguliwa. Bwana wetu Yesu naye hakuwachagua wanafunzi wake kwa sababu hawajawahi kuvunja kitu. Petro alimkana mara tatu, na bado alikaribishwa kando ya moto wa makaa, akapewa kazi.

Wiki hii, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja wa namna hiyo. Asimtafute ili amhubirie kwanza. Aketi naye, angoje naye, amshikie taa anapotengeneza kilichovunjika. Na tunapotoa taarifa za kazi ya kanisa, tuyataje pia majina ya waliofagia, waliopika na waliobeba.

Bwana atupe moyo wa kukaa na wenzetu njiani, hata siku ambazo hakuna kuruka. Amina.