Fundi wa Bodi Aliyepita Chini ya Kizuizi

Ukitoka stejini Isiolo ukielekea upande wa Bulapesa, utasikia gereji kabla hujaziona. Nyundo, grinda, jenereta. Mojawapo ni ya mjomba wangu. Yeye hujenga bodi za lori. Mteja analeta Canter ikiwa kichwa na chesisi tu, mifupa mitupu, na baada ya siku kadhaa anaondoka na gari la kupeleka mbuzi Nairobi.

Sasa nikikuambia kwamba ile Lamborghini uliyoweka kwenye skrini ya simu yako ilizaliwa kwa kazi hiyo hiyo, utanicheka. Cheka tu, halafu usome hadi mwisho. Leo nakupa maisha ya msee mmoja wa Italia aliyeitwa Nuccio Bertone. Alikuwa fundi wa bodi, mtoto wa fundi wa bodi. Ukishamjua, hutapita tena karibu na gereji ukidhani hapo ni pa watu walioshindwa na shule.

Mtoto wa karakana

Mwaka wa 1912, katika mji wa Turin, baba yake, Giovanni Bertone, alifungua karakana ndogo ya kutengeneza mikokoteni na magari ya kukokotwa na farasi. Miaka miwili baadaye, Julai 4, 1914, akazaliwa Giuseppe, ambaye kila mtu alimwita Nuccio. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwezi uo huo. Vilipokwisha, farasi walianza kuondoka barabarani na baba akahamia kwenye magari ya injini.

Elewa kwanza jinsi biashara hiyo ilivyokuwa ikiendeshwa, kwa sababu wewe tayari unaijua bila kujua kwamba unaijua. Kampuni ya magari ilitengeneza chesisi, injini na gia. Bodi ikaachiwa fundi mwingine. Tajiri alinunua chesisi, akaipeleka kwa fundi, akachagua umbo. Si ndivyo tunavyofanya na Canter hapa? Tofauti ni kwamba kule tajiri alitaka kwenda dansi, huku mteja anataka kufikisha mbuzi wakiwa hai.

Nuccio aliingia karakana ya baba akiwa kijana wa miaka ya ishirini hivi. Alipenda pia kushindana, na baada ya Vita vya Pili alikuwa dereva wa mbio. Lakini vita viliacha kazi ikiwa imelala. Kampuni kubwa zilianza kutengeneza magari ambayo chesisi na bodi ni kitu kimoja, yanatoka kiwandani yakiwa tayari. Fundi wa bodi hakuwa na cha kushika. Nuccio alirithi jina zuri na karakana yenye njaa.

Magari mawili ya kubahatisha

Mwaka wa 1952 alifanya kitu ambacho mzazi yeyote angekiita wazimu. Alichukua chesisi mbili za MG kutoka Uingereza, akazijengea bodi bila kuagizwa na mtu, akazipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Turin. Hakuwa na mteja hata mmoja. Akatokea mfanyabiashara wa Chicago aliyeitwa Stanley Arnolt, mwanamume mrefu mwenye mwili mkubwa, akayaangalia yale magari, akasema atayachukua. Nuccio alidhani anataka yale mawili. Kumbe jamaa anataka mia mbili!

Hapo karakana ikapumua. Miaka miwili baadaye kampuni ya Alfa Romeo ikampa kazi ya Giulietta Sprint, gari dogo la michezo la 1954. Walitarajia kutengeneza machache tu. Wateja wakafurika, na yakatengenezwa maelfu. Mtu aliyekuwa akijenga bodi moja moja kwa nyundo sasa alihitaji kiwanda.

Jicho la kuona mkono wa mtu

Hapa ndipo ninapompendea huyu mzee. Magari yake maarufu hakuyachora yeye. Kipaji chake kilikuwa kuwaona wachoraji kabla dunia haijawaona. Mwaka wa 1959 alimwajiri Giorgetto Giugiaro akiwa na miaka 21 tu. Giugiaro alipoondoka mwaka wa 1965, nafasi ikachukuliwa na Marcello Gandini, wa rika lile lile, ambaye hakuwa na jina lolote.

Mwisho wa mwaka huo, Lamborghini walileta chesisi tupu kwenye maonyesho ya Turin. Chesisi tu, mifupa mitupu, kama Canter ya mjomba. Mafundi wa bodi wakaizunguka. Bertone ndiye aliyepata kazi, na Machi 1966 gari zima likasimama Geneva likiitwa Miura. Kijana asiye na jina alikuwa amechora gari ambalo watu walitoka mbali kuja kulitazama. Bosi alimwachia kalamu, na lawama ingekuja angeibeba bosi.

Mrithi wa Fulvia

Sasa tufike kwenye kisa ninachokitaka.

Kampuni ya Lancia ilikuwa na gari la michezo lililoitwa Fulvia. Dogo, maridadi, injini ya lita 1.6, tairi za mbele ndizo zinazovuta. Lilipendwa sana Italia na lilishinda mashindano mengi ya safari. Lakini kufikia 1970 lilikuwa linazeeka, na washindani walikuwa wanakuja na mashine kali. Fulvia ilihitaji mrithi.

Wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungechukua Fulvia ile ile, tukainyoosha kidogo, tukabadilisha taa, tukaongeza nguvu, tukaiita mpya. Bertone hakufanya hivyo. Isitoshe, Lancia hawakuwa wateja wake. Kwa kawaida kazi zao zilikwenda kwa jirani na mpinzani wake, Pininfarina. Alitaka kuingia mlango uliofungwa.

Basi yeye na Gandini wakachukua injini na vipuri vya Fulvia, wakajenga kitu ambacho hakifanani na Fulvia hata kwa kucha. Kiliitwa Stratos Zero, kikaonyeshwa Turin mwaka wa 1970. Kimo chake kilikuwa sentimita 84 hivi. Pima hapo ulipo: ni kama kimo cha meza. Hakikuwa na milango ya pembeni. Kioo cha mbele kiliinuliwa, ukakanyaga mbele ya gari, ukaingia kama mtu anayeingia kwenye mtumbwi.

Lancia wakataka kukiona kwa karibu. Kisa kinasimuliwa hivi: Bertone aliendesha mwenyewe barabarani, kati ya malori na mabasi ya Turin, akafika langoni kwa Lancia. Kizuizi kilikuwa chini. Hakungoja kiinuliwe. Alipita chini yake, na wafanyakazi wakapiga makofi.

Lakini shangwe hazitoshi kujenga gari. Watu wa timu ya mashindano, wakiongozwa na Cesare Fiorio, walihitaji kitu cha kazi. Kwa hiyo mchoro wa maonyesho ukawekwa kando na maswali yakaanza upya. Dereva anahitaji kuona nini kwenye kona? Fundi anahitaji kufikia injini kwa haraka kiasi gani porini? Majibu ndiyo yaliyotoa Lancia Stratos: fupi mno, umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni mita 2.18 tu, ili igeuke kama mbuzi mlimani. Kioo cha mbele kilijipinda kama nusu mduara ili dereva aone pande zote. Bodi ya mbele na ya nyuma zilifunguka mzima mzima ili fundi afanye kazi. Milangoni kulikuwa na mfuko wa kuwekea helmeti. Injini ilitoka kwa Ferrari, silinda 6, lita 2.4, imewekwa nyuma ya dereva.

Hakuna hata kipande kilichokumbusha umbo la Fulvia. Walichorithi ni kazi: kushinda. Na ilishinda. Stratos iliipa Lancia ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Yalitengenezwa magari yasiyofika 500.

Halafu ikaja kwetu

Kuna barabara moja haikuinamia Stratos. Yetu.

Mwaka wa 1975 Lancia walileta Stratos kwenye Safari Rally wakiwa mabingwa wa dunia. Sandro Munari, dereva wao bora, alimaliza wa pili, na Björn Waldegård wa tatu. Nani aliwashinda? Ove Andersson, akiwa ndani ya Peugeot 504. Ndiyo, ile ile Peugeot ambayo babu zetu walipanda kama matatu. Mwaka uliofuata Joginder Singh wetu akashinda na Mitsubishi Lancer. Mwaka wa 1977 Munari alirudi na kumaliza wa tatu. Stratos haikuwahi kushinda Safari.

Sababu si ngumu kwa mtu wa Isiolo kuielewa. Gari lilichorwa kwa ajili ya kona za milima ya Ulaya, za lami na barafu, ambako mashindano huamuliwa kwa sekunde. Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope, mawe na mito, na huku anayeshinda ni yule ambaye gari lake bado lina tairi nne. Waulize wazee waliokwenda Moyale kabla ya lami. Watakuambia barabara ile ilivyokuwa ikifungua gari nati moja baada ya nyingine.

Lancia walikuja kushinda Safari mwaka wa 1988 wakiwa na Delta Integrale, gari lenye umbo la sanduku, milango ya abiria na mahali pa kuweka sukumawiki. Na nani alikuwa amechora umbo la Delta? Giugiaro, yule kijana wa miaka 21 aliyeokotwa na Bertone.

Mwisho wake

Nuccio Bertone alifariki Februari 26, 1997, akiwa na miaka 82. Karakana haikudumu sana bila yeye. Ilianza kuyumba kwa madeni, na mwaka wa 2011 hata ile Stratos Zero ikauzwa mnadani. Mwaka wa 2014, mwaka ambao angetimiza miaka 100, kampuni ya familia ikafilisika.

Watu wamejaribu kuunda mrithi wa Stratos. Mwaka wa 2010 tajiri mmoja wa Ujerumani, Michael Stoschek, alitoa Stratos mpya. Ilijengwa kwa kufupisha Ferrari na kuivika bodi inayofanana na ile ya zamani. Ni nzuri, bana, siwezi kusema uongo. Lakini Ferrari walikataa isitengenezwe kwa wingi, na mimi nikiitazama najiuliza swali moja: hii inaenda kufanya kazi gani? Ya kwanza ilichorwa na kazi. Hii imechorwa na kumbukumbu.

Na mimi je?

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika, halafu na moyo ukakatika. Tangu hapo mjomba ananiambia gereji itakuwa yangu, na mimi nilikuwa naona aibu. Nilidhani kurithi ni kupiga nyundo pale pale alipopiga yeye hadi nizeeke.

Mwezi uliopita alikuja mteja na Canter mpya. Alitaka bodi kama ya lori la baba yake, vipimo vile vile. Nikamuuliza mbuzi wake wangapi hufa njiani. Akanyamaza kidogo, akasema wale wa ghorofa ya chini huwa wanazidiwa na joto. Basi usiku ule nilichora bodi yenye nafasi za hewa chini, sakafu inayoteremsha mkojo pembeni, na ngazi inayokunjwa. Asubuhi nikamwonyesha mjomba. Alitazama kwa muda mrefu. Hakusifu. Alitoa futi yake ya chuma mfukoni, akanipa, akaniambia niende soko la mifugo kwanza nikapime mbuzi wakiwa wamesimama, ndipo nirudi tuongee.

Ukiniuliza, hapo ndipo Stratos ilikosea njia ya kwetu: haikuchorwa kwa vipimo vya barabara yetu. Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa umeachiwa kitu, iwe ni duka, shamba, pikipiki au jina la familia, usijisumbue kukiiga, na usikitupe kwa hasira. Uliza kilikuwa kinafanya kazi gani, na kazi hiyo leo inataka nini. Halafu chora.

Mimi kesho alfajiri niko sokoni na futi.