Apolo Kivebulaya, mtembeaji wa Boga

Siku hizi vijana wanakimbia mbio ndefu kwa kuchangisha pesa ya wagonjwa ao ya yatima. Hapa kwetu Boga, kabla ya pikipiki, kuko mtu alifanya kazi ya imani kwa miguu yake.

Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda, mwanajeshi wa zamani. Mwaka 1896 alitoka Toro, akazunguka milima ya Rwenzori, akavuka mto Semuliki mpaka Boga, kwa chifu Tabaro. Wakati ule mupaka wa Kongo na Uganda haukuwa umekatwa vizuri.

Mwanzo ulikuwa mubaya. Dada ya chifu aliangukia mkuki, akafa. Apolo akashitakiwa, akafungwa minyororo, akarudishwa Toro mfungwa. Walipomuachilia, angeweza kubaki kwao. Lakini alivuka Semuliki tena, kwa watu wale wale waliomushitaki! Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo hakuoa. Alifanyiwa upadri mwaka 1903, na tangu 1921 alikuwa anaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengine waliwazarau. Yeye alikaa nao, akala nao, akawafundisha.

Mwaka 1933 moyo wake ulishindwa. Akiwa mgonjwa, aliomba arudi Boga, akafia hapa tarehe 30 Mei. Waganda walizoea kuzika mtu akielekea kwao. Yeye aliacha neno kwamba kichwa chake kilazwe upande wa mangaribi, upande wa msitu.