Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari wa upasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt.

Maisha ya awali

Baba yake, James, alikuwa mhandisi. Katika nafasi yake alifunga pete miguuni mwa ndege wadogo na kuchora ramani ya maeneo yao. Mwanawe alikuja kuchora ramani za ugonjwa. Akiwa na umri wa miaka 11 Denis alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alianza kusoma uhandisi Trinity College, Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, pia nchini Kenya. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda, kisha Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Jambo hilo lilimshangaza, kwani jipu au uvimbe wa kawaida huanza upande mmoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine wa namna hiyo, na alipompapasa tumbo alikuta uvimbe humo pia. Alipopekua kumbukumbu za Mulago aligundua kwamba watoto walioandikwa kuwa na saratani tofauti, za taya, figo au ovari, mara nyingi walikuwa na ugonjwa mmoja. Alichapisha makala yake mwaka 1958.

Uvimbe huo hukua haraka mno, na kisu cha upasuaji hakikusaidia kitu. Burkitt alijaribu dawa, zikiwemo methotrekseti na siklofosfamidi. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wengine baada ya dozi chache tu, wakati ambapo saratani chache sana duniani ziliponyeka kwa dawa.

Safari ya 1961

Mwaka 1961 Burkitt, Edward Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa haupatikani juu ya mita 1,500 hivi, na kwamba hupenda sehemu zenye joto na mvua, yaani kulekule kwenye malaria nyingi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, pamoja na Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla, imo katika ukanda huo. Watoto wa huko hupewa rufaa Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alisikiliza mhadhara wa Burkitt mjini London akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Ndani yake, mwaka 1964, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona kirusi kinachoitwa sasa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Miaka ya baadaye

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha magonjwa ya Wazungu na yale aliyoyaona Afrika. Si madai yake yote kuhusu chakula yaliyothibitishwa baadaye.