Wilbur Wright na Rafadha Yake

Wilbur Wright alizaliwa Marekani mwaka wa 1867. Yeye na mdogo wake Orville walikuwa mafundi wa baiskeli tu mjini Dayton. Injini ya ndege yao ilikuwa ya nguvu za farasi 12, kwa hivyo kila kitu kilitegemea rafadha. Mabapa yakilala mno, rafadha inazunguka bure. Yakisimama mno, injini inalemewa. Vitabu vya meli havikuwafaa. Wakabishana miezi, hata wakabadilishana upande, mpaka wakang'amua kuwa rafadha ni bawa linalozunguka! Wakachonga mbili za mbao, zimesimama karibu na kitovu, zimelala nchani. Tarehe 17 Disemba 1903 Orville aliruka sekunde 12, baadaye Wilbur 59. Homa ya matumbo ilimwua Wilbur mwaka wa 1912.