Msiri, Mfalme wa Wawindaji

Kaskazini ya Lubumbashi uko mji wa Bunkeya. Zamani sifa za mji ule zilienea tangu Bahari ya Hindi hata Bahari ya Atlantiki. Mfalme wake aliitwa Msiri, na watu wake waliitwa Wayeke. Husemwa kwamba jina hilo lilitoka katika chama cha wawindaji wa tembo huko Unyamwezi. Leo, watoto, tusome habari za maisha yake.

Msiri alizaliwa yapata mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, jirani za Wanyamwezi, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanya biashara. Alisafiri na wapagazi mpaka Katanga kununua shaba na pembe za tembo. Ngelengwa alipokuwa kijana alifuata njia ile ya baba yake, akaiona nchi yenye shaba nyingi, chumvi nyingi na wanyama wengi. Yapata mwaka 1856 alirudi na rafiki zake ili akae.

Watu wale walikuja na bunduki, silaha ambazo wenyeji hawakuwa nazo. Lakini msidhani kwamba kuwinda kwa bunduki za siku zile kulikuwa kazi rahisi. Gobori lilipiga mara moja tu. Baada ya hapo mwindaji alitia baruti tena mdomoni mwa bunduki, akaishindilia, akatia risasi, na mnyama hamngojei mtu. Mbogo ndiye aliyeogopwa sana. Mbogo akijeruhiwa huingia kichakani, husimama kimya, kisha humrukia anayefuata damu yake. Kwa hiyo wawindaji hawakwenda peke yao. Walikwenda pamoja, na kila mmoja alimtegemea mwenziwe. Mbogo aliwapa nyama na ngozi. Tembo aliwapa pembe, na pembe zilileta mali.

Wazee husimulia kwamba Mpande, mkuu wa Wasanga, alikuwa akisumbuliwa na adui zake Waluba. Msiri akamsaidia kwa bunduki zake, na adui wakafukuzwa. Mpande alipokuwa mzee, Msiri alishika utawala wake. Kidogo kidogo wakuu wengine nao wakashindwa, wakamletea kodi. Nchi yake ikaitwa Garenganze, na Bunkeya ukawa mji mkubwa. Wayeke walijua pia kuvuta shaba mpaka iwe nyaya nyembamba, nao walitengeneza vikuku vizuri.

Biashara ya pembe ilikuwa mkononi mwa mfalme. Misafara ilipeleka pembe na shaba mashariki mpaka pwani ya Waswahili, na magharibi mpaka Benguela katika Angola. Ilirudi na nguo, shanga, bunduki na baruti. Baruti ilileta pembe nyingine, na pembe zikaleta baruti nyingine. Lakini misafara ile haikuchukua pembe tu. Ilichukua na watu, waliofungwa na kuuzwa kama watumwa. Mama walitengwa na watoto wao. Hata ukumbini mwa mfalme palikuwa na miti iliyotundikwa vichwa vya watu waliouawa. Msiri aliyekuja kama msaidizi akawa mtu wa kuogopwa.

Mwaka 1886 Arnot, mmisionari kutoka Scotland, alifika Bunkeya, na Msiri akampokea vizuri. Baadaye Wazungu wengine walikuja kwa sababu ya shaba. Mwaka 1890 Sharpe alitaka nchi iwe chini ya Waingereza. Msiri alikataa. Mwaka 1891 wajumbe wa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, walikuja mara tatu. Wakati ule Msiri alikuwa mzee, na mambo yake yalikuwa yameharibika. Wasanga, waliochoka na ukali wake, walikuwa wameasi. Njia za misafara hazikuwa salama, na baruti ilipungua. Njaa nayo iliingia.

Mwezi wa Desemba Kapteni Stairs alifika na askari wake, akapandisha bendera ya Leopold bila idhini ya mfalme. Msiri akatoka Bunkeya usiku, akaenda kijiji cha Munema. Stairs akawatuma watu kumleta. Tarehe 20 Desemba 1891 palitokea ugomvi, na ofisa Bodson akampiga Msiri kwa bunduki. Msiri akafa palepale. Bodson naye alipigwa na mtu wa mfalme, akafa. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, akashika mahali pa baba yake, lakini chini ya Wabelgiji.

Na wanyama je? Tembo walipungua sana kwa ajili ya biashara ya pembe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua mbogo wengi mno katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hifadhi ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, na ya Kundelungu mwaka 1970, ili wanyama waliosalia wasimalizike.

Msiri alikuwa shujaa na mwenye akili, naye hakukubali kuuza nchi. Lakini wale aliowaonea hawakumtetea siku ya shida. Mwindaji aliyefuatwa na mbogo huokolewa na wenzake. Mfalme aliyewauza wenzake, nani atamwokoa?

Maswali
1. Kwa nini wawindaji wa mbogo hawakwenda peke yao?
2. Misafara ya Msiri ilipeleka nini pwani, na ilirudi na nini?
3. Kwa nini Wasanga, waliosaidiwa na Msiri zamani, walimwasi baadaye?